Fundi Kivuli Alivyommalizia Mkewe Korongo

Kisa hiki Fundi Kivuli hukisimulia mwenyewe, tena bila kuombwa, na kila anapokisimulia hujivua sifa moja zaidi. Mwanzoni alikuwa akijiita mtu aliyepitiwa. Baadaye akajiita mpumbavu. Siku hizi amefika mahali pa kujiita punda, na kinyozi jirani yake humwambia apunguze kidogo, maana punda nao wana heshima zao.

Kazi yake ni kuchora mabango ya maduka. Alifunzwa na fundi mzee aliyewahi kusomea uchoraji Ulaya kwa miaka miwili, akarudi na koti zito asilolihitaji na kanuni ambazo alizihitaji mpaka anaingia kaburini. Kabla hujagusa brashi, alikuwa akisema, uliza mwanga unatoka wapi. Kitu kisicho na kivuli hakijasimama chini, kinaelea tu kama uongo. Na usiache mahali patupu, kwa sababu picha yenye patupu ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati.

Mwanafunzi alizimeza kanuni hizo bila kutafuna. Akichora mkate, mkate unatupa kivuli mezani. Akichora kiatu, unaona kabisa kuwa jua limekigonga kisigino. Hata herufi za majina ya watu alizitilia kivuli, mpaka jina la muuza mkaa likaonekana limesimama saa kumi jioni. Kinyozi alichorewa vichwa vinne, kila kimoja kikiwa na upande wa giza, na wateja wakawa wanauliza kama duka hilo hunyoa upande mmoja tu. Ndipo watu wakambandika jina la Kivuli. Yeye alidhani wanamsifu, akalichora juu ya mlango wake, nalo akalitilia kivuli.

Chumba chake cha kazi kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja ni makopo ya rangi, mbao, na benchi la wageni. Upande wa pili ni cherehani cha mkewe, Mama Pacha, anayeshona sare za shule. Hao pacha ni mabinti wawili, wameshaolewa na kuondoka. Mama Pacha ana kigugumizi. Si kikubwa; neno humkwama kidogo, linakaa, kisha linatoka lenyewe likiachwa. Ila Fundi Kivuli hakuwa mtu wa kuliacha.

"Mama, hii sketi nije kuichukua lini?" mteja anauliza.

"Ju... ju..."

"Jumatano!" sauti inatoka ng'ambo ya pazia.

Pengine Mama Pacha alikuwa anataka kusema Jumamosi. Basi, mume ameshatangaza, mteja ameshakwenda, na mwanamke wa watu anabaki kushona mbio mbio kwa ajili ya siku ambayo hakuitaja. Miaka ishirini na saba walikwenda hivyo. Fundi Kivuli aliyaita mapenzi. Mkewe alikuwa amezoea kuanzisha sentensi na kumwachia, kama mtu anayeanza kukunja shuka na kungoja mwenzake ashike pembe za upande wa pili.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya jino.

Mtaa wa pili alihamia daktari wa meno, Mchina, mama wa makamo mwenye haraka zake. Alitaka bango la jino. Jino moja tu, kubwa, jeupe, watu walione toka mbali. Fundi Kivuli akamuuliza mwanga unatoka wapi. Daktari akatazama juu, akatazama dirishani, akasema kwamba umeme umeshaunganishwa, asihofu. Fundi akaona huyu hajui, akajiamulia mwenyewe. Akalichora jino likaviringika vizuri, upande wa kushoto unang'aa, upande wa kulia unaingia kwenye kijivu, na juu kwenye mabonde ya jino akaweka giza la kina hasa. Alilipenda lile jino. Alimwita kinyozi aje alione.

Wiki ile ile wagonjwa wawili walisimama chini ya bango wakiwa wameshika mashavu. Mmoja alitazama juu, akamwambia mwenzake, "Twende zetu. Huyu daktari hata jino la bangoni limemshinda."

Aliyefuata kuja karakana hakuwa daktari. Alikuwa mama yake daktari, bibi mfupi wa miaka zaidi ya sabini, aliyefundisha uchoraji kwao maisha yake yote, akastaafu na kumfuata mwanawe. Kiswahili chake alikuwa amekijenga mwenyewe neno kwa neno, na kila neno alilitafuta mpaka alipate.

"Fundi," alisema. "Jino lako..."

Akanyamaza.

"Zuri?" Fundi Kivuli akamsaidia.

"Hapana." Akaendelea kutafuta, bila haraka, huku anatazama makopo ya rangi. "Linauma."

Nyuma ya pazia Mama Pacha aliangua kicheko. Fundi Kivuli alijitia hamnazo, akaanza kumweleza bibi habari za kivuli, kwamba bila kivuli jino lingekuwa karatasi tu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kwao, enzi za mababu, watu walipoonyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya uso uliochorwa kwa namna ya Ulaya, waliuliza huyu mtu kwa nini hakunawa upande mmoja.

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Bibi akafunua pazia kumwona anayecheka. Akawaambia kwamba kila Jumamosi anafundisha kuchora katika ukumbi wa maktaba, darasa la watu wazima, na kwamba mtu anayecheka hivi anafaa kuja.

"Mimi si... si..." Mama Pacha alianza.

"Si mchoraji," akamalizia mumewe.

Bibi hakugeuka. Aliendelea kumtazama Mama Pacha kana kwamba hakuna aliyesema lolote.

"Si... siwezi asubuhi," Mama Pacha alisema. "Nita... nitakuja mchana."

Fundi Kivuli alicheka akatingisha kichwa. Husema kwamba hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Yeye alikwenda kulipaka jino rangi nyeupe, na alinuna siku mbili.

Basi Mama Pacha akawa anakwenda kwa Mwalimu, maana ndivyo walivyomwita yule bibi, na kurudi na makorongo. Korongo mmoja, karatasi moja, wino mweusi. Ndege ana miguu miwili myembamba, shingo, mdomo, jicho. Kwingine kote karatasi tupu. Fundi Kivuli alivaa miwani akakagua.

"Amesimama juu ya nini huyu?"

"Ma... maji."

"Maji yako wapi?"

Mama Pacha akaonyesha peupe.

"Hapo hakuna kitu, mke wangu."

"Mi... miguu yake imelowa," Mama Pacha alisema. "Tazama."

Alitazama. Miguu ilikuwa imekatikia njiani, basi. Fundi Kivuli alisema kwamba huko maktaba wanamfundisha uvivu wa kupaka rangi. Alishangaa pia kwamba hapakuwa na penseli wala ufutio. Yeye alikuwa anachora, anafuta, anapaka, anapaka tena juu yake. Bango la duka la viatu lilikuwa na matabaka matano, na kiatu cha kwanza kabisa kilikuwa kofia. Mkewe alikuwa anashusha brashi mara moja, na ikiharibika anachukua karatasi nyingine. Kilichomshinda zaidi ni kwamba alikwenda nyuma ya tangi la maji kutazama makorongo saa nzima, akarudi mikono mitupu, akawachora kesho yake akiwa jikoni.

"Sasa utajuaje umepatia, na ndege mwenyewe hayupo?"

"Ni... ninamkumbuka."

"Kumbukumbu haina vipimo," Fundi alisema, akanyoosha mkono na kumpima mkewe kwa kidole gumba kama alivyofundishwa. Mkewe alimtolea ulimi.

Jumamosi moja alipita nje ya ukumbi wa maktaba na ngazi begani. Dirishani alisikia mwanamke anasimulia kisa cha mwalimu mkuu mmoja aliyekuja kupimwa gauni akiwa amebana pumzi, akaenda nalo nyumbani, akapumua. Msimuliaji alikuwa anasimama katikati, ukimya unakuwa mrefu, watu wanangoja, halafu neno linatua mahali pake na ukumbi mzima unapasuka kwa kicheko. Fundi Kivuli naye alicheka mpaka ngazi ikamponyoka. Alijiuliza ni nani huyu mwenye kipaji. Kisha akaijua sauti. Aliondoka hapo akijiambia kwamba kuta za maktaba zinapotosha sauti za watu.

Korongo wa arobaini na moja ndiye aliyekubaliwa. Mwalimu alimtazama kwa muda, akasema, "Huyu yuko hai," na kumpangia mahali katika maonyesho ya mwisho wa mwezi, hapo hapo ukumbini. Mama Pacha akamleta nyumbani ili amshonee kitambaa cha nyuma na pindo, kazi anayoijua. Akamlaza mezani, akaweka vyuma vya kuizuia karatasi kwenye pembe nne. Siku hiyo hiyo simu ikaja kwamba binti mmoja amejifungua, na Mama Pacha akafunga safari ya siku tatu.

Fundi Kivuli alibaki na korongo.

Siku ya kwanza alimpita tu. Siku ya pili alivuta kigoda akakaa. Fikira zilizompitia, husema, zilikuwa za upendo tupu, na hapo ndipo ubaya wake. Watu wote wa mtaa watakuja ukumbini. Wateja wake, mwalimu mkuu wa gauni, kinyozi. Wataiona karatasi yenye ndege mmoja pembeni na jangwa jeupe kila upande, watasoma jina la mkewe, na watasema kwa Fundi Kivuli kuna makopo hamsini ya rangi na mkewe hakupewa hata kijiko. Watamcheka Mama Pacha. Yeye yupo, ana mikono, atazameje tu?

Akamuuliza korongo mwanga unatoka wapi.

Alipaka mbingu kwanza, buluu inayofifia kuelekea chini. Akaweka vilima vitatu, cha mbali kikiwa kidogo kuliko cha karibu, kama sheria inavyotaka. Akatandaza maji yenye kung'aa upande wa jua, akapanda matete kumi na mawili, na mwisho, kwa brashi nyembamba kabisa na pumzi aliyoibana, akamlazia korongo kivuli chake juu ya maji. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo hulisema kila mara, na macho yake hung'aa kidogo anapolisema, kisha hukumbuka na kujiita punda.

Alichosahau ni kwamba karatasi ile ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na rangi yake ilikuwa ya mafuta, ya kupakia mabati. Kufikia mchana wa siku ya tatu mafuta yalikuwa yametambaa. Kila kilima kilivaa duara la manjano. Matete yalivimba. Korongo alisimama katikati ya utajiri wote ule, mwembamba, mweusi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mama Pacha aliingia na mkoba begani, uso bado una furaha ya mjukuu. Akaiona meza.

"Nimekumalizia," Fundi Kivuli alisema. Na alitabasamu. Hilo nalo halifichi.

Mama Pacha alifungua mdomo. "A... a..."

"Asante?" akasema Fundi.

Mkewe alishika ukingo wa meza. "Ha... ha..."

"Haidhuru? Ni hayo mafuta tu yametoka kidogo, ukiweka fremu—"

Mama Pacha akafunga mdomo. Aliufunga polepole, kama mtu anayefunga duka. Alipoufungua tena sentensi ilitoka nzima, haikukwama popote.

"Maneno yangu si unayo wewe? Basi jiambie."

Tangu hapo hakusema naye. Ni mumewe tu. Wengine alisema nao vizuri. Mteja akija kuuliza sare, Mama Pacha anaanza, "Ju... ju..." na Fundi Kivuli, punda, kabla hajajizuia anapiga kelele "Jumatano!" Mama Pacha anamwambia mteja, kwa utulivu, "Alhamisi," na wote watatu wanajua kabisa kwamba Alhamisi haianzi na ju.

Siku ya nne Fundi alijaribu kujiambia kama alivyoambiwa. Alikaa kwenye kigoda mkewe akiwa sokoni, akasema kwa sauti, "Mke wangu, umeniambia nini?" kisha akahamia upande wa pili wa pazia, akakaa kwenye kiti cha cherehani ili ajibu. Alijua angeanza na "a", au na "ha". Baada ya herufi hizo hakujua chochote. Miaka ishirini na saba alikuwa akiyamalizia maneno ya mtu ambaye hakuwahi kumsikia akimaliza. Hapo aliogopa, na kinyozi aliyechungulia na kumkuta mwanamume mzima amekaa kwenye cherehani anajiuliza maswali, aliogopa zaidi.

Kinyozi ndiye aliyemletea habari mbaya. Mama Pacha alikuwa amemwambia mke wa kinyozi kwamba baada ya maonyesho atakwenda kwa binti yake, kusaidia kulea. Atakaa kwa muda.

"Muda gani?" Fundi Kivuli aliuliza.

"Hakusema."

"Alianza kusema akakwama, au?"

"Hakukwama, ndugu yangu. Alisema 'kwa muda', akanyamaza."

Jumamosi iliyofuata Mama Pacha hakwenda darasani. Fundi Kivuli akaenda. Mwalimu alikuwa anaosha brashi. Fundi alimweleza yote bila kupumua: mbingu, vilima, mafuta, binti, muda. Akamwomba aende akamsemee kwa mkewe.

"Mimi Kiswahili changu kidogo," Mwalimu alisema. "Wewe unacho kingi." Akafikiri. "Labda kingi mno."

Akamketisha, akampa karatasi na wino, akamwambia achore korongo. Fundi aliomba penseli, haikuwepo. Alinyoosha kidole gumba kumpima ndege asiyekuwepo. Aliuliza mwanga.

"Kwani korongo ana taa?" Mwalimu alisema.

Ndege aliyemchora ni bora tusimseme. Kinyozi, alipoonyeshwa, alidhani ni kigoda. Mwalimu alichukua karatasi nyingine, akatulia kwanza, akashusha brashi mara tano au sita, akaiweka chini. Fundi alingoja aendelee.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi ongeza."

"Si kazi yangu. Anayetazama ndiye atamaliza."

"Lakini mimi nilitazama!" Fundi Kivuli alisimama kabisa, haki imempanda kichwani. "Nikamaliza!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. "Kwa macho, Fundi! Kwa macho! Nani alikupa brashi?"

Alipotulia alisema kwamba hata kwao wapo wachoraji wanaojaza karatasi pomoni, kila jani na kila mdudu, na ni wachoraji wazuri. Na alikuwa ameona mabango yake mtaani. Ule mkate wa duka la kona, alisema, ulimfanya aingie kununua. Fundi Kivuli aliyekuwa amenywea akaanza kuvimba tena.

"Na maji uliyochora," Mwalimu akaendelea, maana Fundi alikuwa amekwenda na karatasi yenyewe chini ya kwapa. "Maji mazuri. Naweza kunywa. Lakini..."

Akanyamaza akitafuta. Fundi alikuwa na maneno sita tayari mdomoni. Lakini mafuta? Lakini mengi? Lakini si hapa? Aliyatazama macho ya bibi yakizunguka, yakitafuta kitu mahali ambapo yeye hawezi kufika. Midomo ilimcheza. Hakusema. Ulikuwa ukimya mrefu kuliko wowote aliowahi kuumiliki.

"Lakini hakuna aliyekuwa na kiu," Mwalimu alisema.

Hilo halikuwa miongoni mwa yale sita.

Alirudi nyumbani, akairudisha karatasi mezani, akapita upande wa pili wa pazia, akakaa mbele ya cherehani na mikono magotini. "Nimekosa," alisema. Halafu akafunga mdomo. Mama Pacha alishona kola, akaikata uzi, akachukua nyingine. Alishona kola tatu. Fundi hakuongeza. Alitaka kuongeza kwamba nia yake ilikuwa njema, kwamba yale mafuta yalikuwa ya kiwanda kipya, kwamba hata yeye mkewe aliwahi kumfulia shati jeupe pamoja na soksi nyekundu. Yote aliyameza, na hayakuwa matamu.

Kesho yake alikaa tena, na kesho kutwa. Siku ya nne Mama Pacha aliinua macho. "Ni..." Neno likakwama. "Ni... ni..."

Niache. Nimechoka. Nimekusamehe. Yalimpitia yote, akauma ulimi hasa, kwa meno.

"Ni... nipe mkasi."

Alimpa kwa mikono miwili. Hakuwahi kumpa mtu kitu kwa furaha kama ile. Ila mkoba wa safari ulikuwa bado umefunguliwa juu ya kitanda, na kila asubuhi ulikuwa na nguo moja zaidi.

Siku ya maonyesho alikwenda na kinyozi, wakasimama nyuma. Makorongo, mianzi, samaki, vyote kwa wino, vimetundikwa kwenye kuta nyeupe. Na katikati ya ukuta mkubwa, mahali palipopangwa tangu mwanzo, palikuwa na mbingu ya buluu, vilima vitatu na maduara ya manjano. Mama Pacha alikuwa ameishonea pindo safi. Chini yake ameandika: "Korongo. Kazi ya watu wawili."

Fundi Kivuli alitafuta mlango kwa macho. Kinyozi akamshika mkono.

Mwalimu aliwaomba wanafunzi waseme kidogo kuhusu picha zao. Zamu ya Mama Pacha ilipofika alisimama kando ya korongo, mikono ameifungia mbele.

"Ko... ko..."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Fundi Kivuli. Wateja wake, mwalimu mkuu, hata daktari wa meno. Ndivyo walivyozoea: neno likikwama kwa mke, litatokea kwa mume. Yeye akatazama juu, akahesabu balbu.

"Msaidie," kinyozi alimnong'oneza.

Alitingisha kichwa.

"Korongo ni wangu," Mama Pacha alisema. "Ha... haya mengine yote ni ya mume wangu."

Akawasimulia. Alichukua muda wake. Alisimama kila alipokwama, na watu, walipoona hakuna wa kumalizia, walijifunza kungoja. Alisimulia jino. Alisimulia alivyopimwa kwa kidole gumba. Alipofika kwenye "Nimekumalizia" alimwigiza na tabasamu lake, na mwalimu mkuu alicheka akahitaji kiti. Fundi Kivuli alikuwa anawaka masikio. Alitamani kusema angalau kwamba yale maji Mwalimu mwenyewe aliyasifu. Alishika mkanda wa suruali yake akanyamaza.

"Mna... mnamcheka," Mama Pacha alisema, na watu wakatulia. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisimama kwenye dirisha la tiketi, na jina la mji lika... likagoma. Foleni ndefu. Watu nyuma wakaanza kuniigiza. Ku... kucheka. Wakaniambia nipishe. Halafu kijana mmoja mwenye rangi kwenye vidole akainua sauti akataja mji, kama vile tuko pamoja. Nikapewa tiketi."

Akagusa pindo la picha.

"Alikosea. Mimi nilikuwa naenda kwingine. Lakini wa... walinyamaza wote. Nikapanda, nikaenda huko alikosema."

Fundi Kivuli hakuwa akijua. Miaka yote hiyo aliamini kwamba alipatia.

"Sikuwahi kumwambia asante," Mama Pacha alisema. Sasa alikuwa anamtazama yeye, juu ya vichwa vya watu wote. "Asante, Baba Pacha. Na i... i..."

Neno likakwama.

Linaanza na i. 'Imekwisha' nalo linaanza na i. Fundi Kivuli alisimama pale, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno lolote tayari. Balbu hakuzihesabu tena. Mkewe alikuwa amefumba macho, anakisukuma kitu ambacho ni yeye peke yake angeweza kukisukuma, na hakuna mtu ukumbini aliyekohoa.

"Inatosha," Mama Pacha alisema.

Alishuka, akapita katikati ya watu wanaopiga makofi, akafika mpaka alipokuwa mumewe. Fundi alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa chenye rangi, na sasa alikuwa na kivuli cha kijani upande mmoja wa pua.

"Nitakaa kwa mtoto wiki mbili," mkewe alimwambia. "Ha... halafu narudi."

Alikuwa na la kusema. Alikuwa nayo mengi. Alitikisa kichwa kukubali, akangoja kwanza aone kama amemaliza.